Usiwashe Ukiwa Peke Yako

Kitendawili! Anayeniandika hanihitaji, anayeninunua hanisomi, na anayenisoma hawezi kurudi dukani kulalamika.

Fikiri kwanza, usikimbilie. Umeshindwa? Basi toa mji. Mji wa leo ni Yiwu, huko China, na jibu liko mezani kwa Lou Caixian.

Saa moja asubuhi, mwezi wa tatu, baridi haijaaga. Caixian, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, anavua glavu, anapuliza vidole na kuwasha kompyuta. Nyuma yake watumishi ishirini na wawili wa karatasi wameegemea ukuta. Wana viatu, wana vifungo vya shati, hata saa za mkononi wamepewa. Macho hawana. Macho huchorwa siku ya kuuzwa, kwa maana mtumishi mwenye macho akikaa sana dukani anaweza kujichagulia bwana.

"Mmeamkaje?" anawauliza bila kugeuka. "Leo tena mtanivumilia."

Hawajibu, na yeye ndivyo anavyotaka.

Kiwanda hiki kidogo cha uchapaji ni cha Gong Yuanfu. Chumba cha mbele huchapa karatasi za maelezo ya vitu vya walio hai: pasi, feni, birika la umeme. Chumba cha nyuma huchapa za vitu vya marehemu, vile vya karatasi vinavyochomwa makaburini ili viwafikie huko waliko. Nyumba, gari, simu, jiko. Wanunuzi wanapenda kila kitu kifanane na cha kweli, basi simu ya karatasi huja na boksi lake, chaja yake, na karatasi yake ya maelezo yenye dhamana ya mwaka mmoja.

Hilo ndilo jibu la kitendawili. Sasa sikia kisa chake.

Kazi ya Caixian ni kupitia kurasa kabla hazijachapwa. Hulipwa yuan elfu nne na mia mbili kwa mwezi, na nusu yake huishia kwenye kodi ya chumba na dawa za magoti. Amri ya kiwanda imebandikwa juu ya kompyuta yake: angalia herufi, namba na rangi. Maana haimo. Maana ni kazi ya aliyeandika, na aliyeandika mara nyingi ni mashine, au mtu aliyeacha kazi zamani, kwa kuwa hapa hakuna anayeandika karatasi mpya. Ya zamani huchukuliwa, jina la kitu hubadilishwa, mengine huachwa yalivyo.

Ndiyo maana chumba cha mbele hakiishiwi na vicheko. Birika moja lilisafirishwa likiwa na onyo: "Maji yakianza kuzungumza, ondoka." Pasi ikaonya: "Mwenye nguo avuliwe kwanza." Kitanda cha mtoto kilikwenda ng'ambo kikisema, "Mtoto akunjwe mara mbili na kuhifadhiwa pakavu."

"Hilo la mtoto nililibandika ukutani nyumbani," anasema Qiaolian, mkata karatasi, mwanamke wa sauti kubwa. "Wajukuu wakipiga kelele nawaonyesha. Nawaambia, someni, kiwanda kimeniruhusu!"

Chumba cha nyuma pia walicheka, mwanzoni. Gari la karatasi liliandikwa, "Usiendeshe ukiwa umelewa." Simu ya karatasi, "Ikiharibika, mlete mwenye nayo pamoja na risiti."

"Tulicheka mpaka machozi," anasema Caixian. "Sikujua kwamba kuna mtu wangu anayetii."

Mtu huyo ni marehemu mumewe, Jin Shigen.

Shigen alikuwa mchuuzi wa zamani wa Yiwu, wale waliotembea vijijini na mti wa vikapu viwili begani, sukari guru upande mmoja, manyoya ya kuku upande wa pili. Alipiga kigoma kidogo cha mkononi, chenye shanga mbili zinazojigonga, tok-tok, tok-tok, na watoto wakatoka mbio na manyoya yao kubadilisha na sukari. Baadaye aliuza vifungo sokoni. Hesabu aliijua kuliko wasomi. Kusoma hakujua hata herufi moja.

"Lakini alipenda mashine, yule mzee!" Caixian anacheka, akifunika mdomo. "Akinunua kitu, hakigusi. Ananiwekea kigoda, ananiambia, 'Soma, mama. Usiruke hata mstari mmoja.' Nasoma yote. Na neno likishasomwa ni sheria. Birika liliandikwa lisiachwe likichemka bila mtu. Miaka ishirini na sita alisimama kando yake kama askari. Nikimwambia keti, ananijibu, 'Wewe umesoma mwenyewe, sasa unanishawishi niende kinyume?'"

Walikaa pamoja miaka thelathini na minane. Alifariki miaka minne iliyopita, mwezi wa kumi na mbili, mikono yake ikiwa baridi tangu asubuhi. Neno lake la mwisho lililoeleweka lilikuwa, "Funga dirisha."

Ndiyo sababu, kiwanda kilipoanza kutengeneza hita za karatasi, Caixian alinunua ya kwanza kwa pesa yake. Ilikuwa Siku ya Kufagia Makaburi, mwanzoni mwa mwezi wa nne, miaka miwili iliyopita. Mvua ilikuwa inakuja. Aliichoma haraka, pamoja na karatasi yake ya maelezo, karatasi aliyoipitisha kwa mkono wake mwenyewe. Herufi sawa, namba sawa, rangi sawa. Hakumsomea.

Majuma matatu baadaye Shigen alimjia ndotoni.

"Ameketi, mikono ameitia kwenye mikono ya koti," anasimulia Caixian, na sauti yake inashuka. "Hita iko mbele yake. Haijawaka. Nyusi zake zina barafu. Kando yake kuna kigoda kitupu. Akanitazama, akaniuliza, 'Caixian, unakuja lini?'"

Aliamka miguu ikiwa baridi kama ya mtu aliyevuka mto.

Asubuhi hiyo alikuja kazini kabla ya wote, akatafuta ile karatasi, akaisoma kama alivyokuwa akisoma zamani, mstari kwa mstari. Onyo la saba lilisema: "Usiwashe ukiwa peke yako."

Katika hita ya walio hai onyo hilo lilikuwa, "Usiiache ikiwaka bila mtu." Lilitafsiriwa kwa ajili ya wanunuzi wa Penang, Malaysia, faili ya kwanza ikapotea, mashine ikalirudisha katika Kichina kwa njia yake. Kosa dogo. Kwa aliye hai ni la kucheka tu.

"Mwanamume aliyesimamia birika miaka ishirini na sita," anasema Caixian. "Unafikiri atawasha?"

Kinachomnyima usingizi zaidi ni jambo jingine. Shigen hajui kusoma, na yeye hakumsomea. Basi huko aliko, nani alimsomea?

Ndoto imerudi mara kumi na mbili. Swali ni lilelile. Kinachobadilika ni kigoda kitupu, kila safari kinakuwa karibu zaidi na hita, kana kwamba mtu anakiandaa. Katika miaka hiyo miwili Caixian amepungua kilo tisa. Hospitali wamempima damu na moyo, wakasema mzima.

Wifi yake, Jin Meihua, hakuhitaji vipimo. Alikuja na chungu cha supu ya kuku, akamshika mkono.

"Umemjibu?" aliuliza.

"Sijamjibu."

"Usimjibu, wifi yangu. Ndugu yangu nampenda, lakini mfu akikuuliza ndotoni, jibu ni ahadi. Ukisema nakuja, umekwenda. Ukisema siji, umemfukuza, naye atazunguka mlangoni. Nyamaza."

"Nilimjibu kila kitu maisha yetu yote, Meihua. Hata alipouliza upumbavu."

"Basi huu mmoja umeze."

Akaumeza. Lakini kigoma cha Shigen kinaning'inia nyuma ya mlango wa chumba chake, na tangu majira haya ya baridi kimeanza kugonga chenyewe. Tok-tok. Pengine ni upepo. Caixian ameziba nyufa zote kwa magazeti, na bado anasema pengine.

Mwezi uliopita alikwenda kwa mwajiri wake. Siku ya Kufagia Makaburi inakaribia, na hita elfu nane zilikuwa tayari kwenye maboksi, kila moja na onyo lake la saba.

"Mzee Gong, naomba tuchape upya ile karatasi."

Gong alikuwa anakunywa chai. "Kuna herufi iliyokosewa?"

"Hakuna. Maana ndiyo iliyokosewa."

"Shangazi Caixian, maana hatuchapi hapa. Mteja gani amelalamika?"

"Mume wangu."

Qiaolian aliacha mashine ya kukata. Gong akaweka kikombe chini.

"Shangazi, mimi nakuheshimu. Lakini wanaotumia bidhaa zile, nani amewahi kurudi kudai?"

Kana kwamba jibu lilikuwa linangoja mlangoni, siku mbili baadaye alifika Bibi Weng, mwenye duka la vitu vya makaburi kutoka Wenzhou. Alisafiri kwa muda wa saa nne kwa gari moshi akiwa na karatasi moja ya maelezo mkobani, ya jiko la gesi la karatasi. Akaigonga mezani kwa kidole.

"Nani amepitisha hii? 'Weka mbali na moto.' Jiko, weka mbali na moto! Mama yangu anakuja usiku, mdomo umejaa mchele mbichi. Anatafuna. Namsikia akitafuna, krr, krr. Namwambia, mama, pika. Ananionyesha karatasi. Mama yangu alikuwa mwalimu, Mzee Gong. Kilichoandikwa kimeandikwa!"

Gong alianza kucheka, kile kicheko cha kumtuliza mteja. Kikamfia kinywani.

"Hita," akasema polepole, akimgeukia Caixian. "Mwaka juzi. Na mimi nilimchomea baba."

"Najua. Nilikufungia mwenyewe."

"Baba alikuwa anakuja kila mwezi. Ananikaripia nikilala, kwamba nimenenepa. Tangu ile hita hajaja." Alitazama wale watumishi ukutani, ishirini na wawili, nyuso tupu. "Nilidhani ameridhika."

Bibi Weng naye akawatazama watumishi. "Na hawa wasio na macho, geuza nyuso zao huko ukutani. Wananisikiliza."

"Fungua maboksi," Gong akasema. "Yote."

Ilichukua siku tisa. Wanawake sita walifungua maboksi elfu nane, wakatoa karatasi mbaya, wakatia mpya. Zile mbaya hakuna aliyethubutu kuzichoma, maana kuchoma ni kutuma. Zililowekwa kwenye mapipa ya maji mpaka zikawa uji, na uji ukafukiwa.

Caixian aliandika karatasi mpya kwa mkono kwanza, kwa penseli, akitamka kila mstari kwa sauti. Kuanzia hapo ana mpango: afanye kazi miaka miwili tena, na asiache ukurasa upite bila kuusoma kwa sauti mbele ya mtu. Ile amri ya juu ya kompyuta ameiongezea neno moja kwa kalamu nyekundu: maana. Gong ameliona. Hajalifuta.

"Watu husema onyo ni upuuzi," anasema. "Nani atakunja mtoto? Nani atapiga pasi shati akiwa amelivaa? Lakini kila onyo limemlenga mtu mmoja mahali fulani ambaye atalifuata. Humjui. Pengine ni wako."

Siku ya Kufagia Makaburi, mlimani nyuma ya kijiji cha kina Jin. Ukungu umekaa kwenye misunobari. Caixian na Meihua wamekwisha kung'oa magugu. Wamepanga vitumbua vya kijani vya majani ya pakanga, bilauri tatu za pombe ya mchele, na kipande cha sukari guru. Meihua amechora duara kwa chokaa, ili kinachotumwa kisidakwe na wa kaburi jirani.

Caixian anaweka hita mpya ndani ya duara. Kisha anatoa kigoda kidogo cha mbao mkobani, anakaa, anavaa miwani.

"Wifi, unafanya nini?"

"Namsomea."

Anasoma. Hasomi haraka na haruki. Anasoma nguvu ya umeme, anasoma dhamana, anasoma namna ya kufuta vumbi. Anasoma onyo la kwanza mpaka la sita. Akifika la saba anavua miwani, maana hili analijua kwa moyo.

"Saba. Unaweza kuwasha ukiwa peke yako. Huhitaji kungoja mtu yeyote."

Anawasha kiberiti. Hita inashika moto kutoka pembeni, inajikunja, inakuwa nyekundu katikati kama hita ya kweli. Moshi haupandi. Unabaki chini, unazunguka duara mara moja, polepole, na upande wa pili wa kaburi, mahali pasipo na mtu, kinasikika kigoma. Tok-tok.

Meihua anamshika Caixian bega. "Usimjibu," ananong'ona. "Nakuomba, wifi."

"Ndotoni ndiko hakujibiwi," anasema Caixian. "Hapa niko macho."

Anasimama. Magoti yanalia. Anakiinua kile kigoda chake, anakitia kwapani.

"Bado, mzee wangu," anasema kwa sauti ya mtu anayemjibu mume aliye chumba cha pili. "Kurasa ni nyingi na nimebaki peke yangu wa kuzisoma. Sijui ni lini. Wewe washa."