Mtu wa Pili Kwenye Mashine ya Presha

Mashine ya presha ya nyumbani kwetu ilikuwa imehifadhi vipimo thelathini na moja ambavyo hakuna aliyekiri kuvichukua.

Vyote ni vya siku za kazi. Vyote kati ya 10:15 na 10:30. Na vyote vilikuwa vinapanda.

Cha kwanza kilisoma 148 kwa 94. Cha mwisho, cha Ijumaa, kilisoma 187 kwa 112.

Kwa asiyezijua namba hizi: mwenye kipimo hicho cha mwisho hatakiwi kuwa anazurura mjini. Anatakiwa awe mbele ya daktari.

Nyumbani tuko watatu. Kuna mimi. Kuna mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu kwa kuwa ndiyo kazi yake. Na kuna baba yangu mzazi, mstaafu, aliyehamia kwetu baada ya mama kufariki.

Mmoja wetu alikuwa anakufa polepole, na alikuwa anajua.

Nianze mwanzo.

Mimi ni mkaguzi wa ubora kwenye kiwanda cha maziwa. Kila nusu saa mtu wa mtambo anaandika joto la maziwa kwenye fomu, kisha mimi napitia fomu kutafuta uongo. Nalipwa kwa kutoamini watu, na kazi hiyo naiweza.

Mwezi wa kwanza, mwenzangu wa maabara alianguka bafuni kwake akafa. Miaka arobaini na mbili. Presha. Hakuwahi kupima hata siku moja.

Nilirudi kutoka mazishini nimeshaamua. Kwangu mtu hatakufa kwa kukosa takwimu.

Nikanunua mashine. Nikachukua mpango wa afya mtandaoni, nikaupanga kwenye chati, nikaibandika kwenye mlango wa friji. Presha ya asubuhi, uzito, saa za kulala, hatua za siku. Hatua elfu kumi kwa kila mtu. Mimi wa miaka thelathini na tisa, Mwalimu wa arobaini na sita mwenye goti bovu, Baba wa sabini na moja. Kipimo kimoja kwa wote, kama maziwa.

Ukifikia lengo, kidoti cha kijani. Ukikosa, chekundu.

"Nyumba hii imekuwa kiwanda," Baba alisema akiiangalia ile chati. "Siku si nyingi hata kupiga chafya nitajaza fomu."

"Ni kwa ajili ya afya yako, Baba."

"Afya yangu iko humu mwilini, mama. Hapo kwenye friji kuna karatasi."

Wiki ya kwanza Mwalimu alipata vyekundu vitano. Jumapili wakaja wageni, shemeji zangu, wakaiona chati. Mimi nikatania: "Huyo ndiye mgonjwa wetu."

Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka.

Kuanzia wiki ya tatu hakupata chekundu tena. Kila siku kijani. Alikuwa anatoka kukimbia, anapanda ngazi za uwanja wa mpira, anaruka chakula cha jioni. Nilijivunia. Niliwaambia mpaka watu wa kazini.

Basi, Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, Mwalimu ameshaondoka kwenda kwenye mbio za hisani za kilomita kumi, nikataka kunakili vipimo vyangu. Mashine ile ina swichi ya watu wawili, kila mmoja na kumbukumbu yake. Sisi wote tulitumia ya kwanza tu. Mkono ukateleza, nikafungua ya pili.

Ndipo nikaviona vile thelathini na moja.

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikafikiri kikazi. 10:20, yaani saa nne na dakika ishirini asubuhi. Siku za kazi, saa hiyo, mimi niko kiwandani. Mwalimu yuko darasani. Nyumbani anabaki mtu mmoja.

Baba.

Nikaenda kwenye friji nikasoma safu yake. 122 kwa 78. 124 kwa 80. 126 kwa 78. Wiki saba, namba zote shufwa. Hakuna hata moja inayoishia na moja, tatu, tano, saba wala tisa.

Mashine haina ubaguzi wa namna hiyo. Binadamu ndiye anao. Mtu akipika namba, mkono wake huwa na mazoea, na mazoea hayo ndiyo ninayoyatafuta kila siku kwenye fomu za mtambo.

Baba alikuwa anapika.

Nikamkuta barazani anasoma gazeti.

"Baba, hizi namba zako umezipata wapi?"

Aliangalia karatasi. Akanitazama. "Nimezitunga."

"Umezitunga?"

"Kile kidude kinanibana mkono. Sijakigusa tangu mwezi wa pili. Nilijua namba nzuri zinafananaje, nikawa naandika. Ulikuwa unafurahi, mimi napata chai yangu kwa amani. Kuna tatizo?"

"Na hivi vya kila siku saa nne?"

"Vya nani?"

"Baba, acha mchezo. Mia na themanini na saba!"

"Mwanangu, nimekwambia sijapima. Mimi nikidanganya huwa nakiri. Si umeona sasa hivi?"

Sikumwamini. Mtu aliyepika wiki saba hana dhamana kwangu. Nikamwingiza kwenye gari, huku analalamika kwamba amekamatwa bila hati, mpaka zahanati.

Daktari akampima mara tatu, mkono wa kulia, wa kushoto, tena wa kulia.

"128 kwa 79," alisema. "Mzee wako mzima. Ananishinda mimi."

"Ulisikia?" Baba akaniuliza. "Niandikie kidoti."

Kama Baba ni mzima, basi vile vipimo thelathini na moja ni vya nani? Si vyangu. Mwalimu ana wanafunzi arobaini mbele yake saa nne.

Daktari akauliza swali ambalo nilitakiwa kuanza nalo mimi. "Saa ya hiyo mashine iko sawa?"

"Iko sawa," Baba akadakia. "Niliirekebisha mwenyewe siku ya kwanza, nilipoiwekea betri."

"Uliirekebishaje, Baba?"

"Kama hii." Akaninyooshea mkono.

Nikatazama saa ya mkononi mwake. Ilisema 4:35.

Nikatazama ya ukutani. Mshale mfupi ulikuwa katikati ya kumi na kumi na moja. 10:35.

Baba ni wa kizazi kile kisichokubali saa iseme kitu kimoja na mdomo useme kingine. Kwake, ikiwa saa nne, mashine isome nne. Ikiwa saa kumi alasiri, isome kumi.

10:20 haikuwa asubuhi. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini, alasiri.

Saa kumi alasiri mimi bado niko kiwandani. Baba yuko kwenye drafti lake kwa jirani. Na Mwalimu ndiyo kwanza amefika kutoka shuleni.

Kazini, kabla sijasoma fomu yoyote, nakagua kwanza kipimajoto. Ni kanuni ya kwanza, nawafundisha wapya. Nyumbani sikuikagua saa.

Nikapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, huku nikimweleza daktari kwamba Mwalimu yuko kwenye mbio.

"Mbio zinaanza saa ngapi?" daktari akauliza.

"Saa tano."

"Usipige tena. Nenda. Ukimkuta, asikimbie hata hatua moja. Mlete hospitali kubwa, si hapa."

Sitaeleza nilivyoendesha. Baba alikuwa kiti cha pembeni. Kwenye taa nyekundu ya tatu alisema kwa sauti ndogo, "Pita, mama."

Barabara ya mbio ilikuwa imefungwa kwa kamba. Nikaacha gari, nikakimbia kinyume na watu wenye fulana nyeupe. Jua lilikuwa kali. Nilitafuta mtu aliyelala chini, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimeshamwona kichwani.

Hakuwa amelala. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya meza ya maji, kilomita ya tatu. Ameshika kikombe, maji yanamwagika magotini, na yeye hana habari.

Aliniona, akacheka.

Upande mmoja tu wa uso ndio uliocheka.

Saa tano na dakika hamsini tulikuwa mlangoni pa hospitali. Walisema ni kiharusi, na tungechelewa kidogo mambo yangekuwa mengine. Niliwaamini, kwa kuwa wao hawakuwa na sababu ya kunipa namba nzuri.

Siku ya nne maneno yakamrudia vizuri. Nikamuuliza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilisubiri ishuke kwanza."

"Ishuke vipi?"

"Kwa mazoezi. Nilitaka nikuletee namba iliyoshuka. Si unakumbuka, mgonjwa wetu."

Nikamrekebishia shuka.

"Na chati? Safu yako haikuwa na shida. Niliipitia."

Akafumba macho. "Wewe si ndiye uliyetusimulia mezani? Yule mtu wa mtambo uliyemfukuzisha. Ukasema wajinga hupika kwa shufwa. Baba alikuwa anasinzia. Mimi nilikuwa nasikiliza."

Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe.

Halafu daktari wa wodi akaniita pembeni. Kwenye begi la mazoezi la Mwalimu walikuta vidonge vya maumivu, vile vya kununua tu dukani. Alikuwa anameza vitatu kwa siku, zaidi ya mwezi mzima mfululizo, ili goti limruhusu kufikisha hatua elfu kumi.

"Vidonge vya aina hii vikitumiwa hivi vinaweza kupandisha presha," daktari alisema. "Sisemi ndiyo sababu peke yake. Alikuwa na kapresha kidogo tangu mwanzo. Lakini hapo alipoongeza juhudi, aliongeza na vidonge."

Elewa nilichokielewa mimi pale koridoni. Mpango niliouweka ili asife ndio uliokuwa unampandisha presha, kidoti kwa kidoti, na mimi nikimpongeza.

Mkono wake wa kulia haukurudi wote. Siku hizi anaandika ubaoni kwa kushoto, herufi kubwa, na wanafunzi wanamsubiri.

Chati niliitoa. Kupima hatujaacha, maana kosa halikuwa kupima. Ila kila mtu ana mpango wake, kwa mwili wake na kwa umri wake. Mwalimu anatembea dakika ishirini baada ya kula, na goti likiuma anakaa. Dawa yake ya presha anaimeza kila asubuhi. Mimi tatizo langu lilikuwa usingizi, jambo ambalo hatua elfu kumi zilinificha. Baba haendi popote zaidi ya kwenye drafti, na daktari amesema aendelee.

Mpango wa afya unaofaa ni ule utakaouweza hata siku mbaya, bila kumeza kitu ili uuweze na bila kumdanganya mtu.

Nawaachia hili, hasa ninyi mnaopenda takwimu kama mimi. Mtu akijua kwamba namba mbaya itamshushia heshima ndani ya nyumba yake, atakupa namba nzuri. Nawe utaiamini, kwa sababu ndiyo uliyoitaka.

Kwa hiyo kabla hujamfunga mtu wako ile mashine mkononi, jiulize: akitoka na namba mbaya, utamfanya nini?

Yeye ameshajiuliza. Na jibu analo.