Pilipili Chini ya Kamiyo

Juzi fundi alifungua kapo, boneti ya gari yangu, akacheka. Panya walikuwa wamejenga kiota juu ya injini, kwa nyuzi za gunia na karatasi. Mimi sikucheka. Niliomba kiti nikakaa, maana harufu ile ya mkojo wa panya na mafuta, rafiki yangu, ilinirudisha mtaa wa Mapendo, kwenye parseli yetu, kiwanja chenye ukuta wa mawe meusi ya volkano, wakati vita ilipofunga barabara ya Masisi.

Papa alikuwa dereva. Kamiyo yake, lori la zamani la buluu, ilishusha maharage na makala, mkaa wa kupikia, kutoka milimani, na nyumbani ilikuwa inapita tu. Vita iliposogea, aliiegesha nyuma ya jiko. Tulidhani ni kwa wiki moja, lakini mvua zilikuja zikaisha, nayo bado imesimama pale. Shule yetu ilikuwa imejaa wakimbizi, kwa hiyo watoto tulishinda parselini, tukisikiliza chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zikipita na magodoro ya watu, na milio ya mabomu upande wa Sake.

Panya walitoka kwenye mawe ya ukuta. Njaa iliyotushika sisi iliwashika na wao. Waliifuata harufu ya maharage yaliyobaki kati ya mbao za kamiyo, wakishayamaliza wanapanda kwenye injini kutafuna nyaya.

Koko, mama yake Papa, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Butembo, njia ikamfungia kwetu. Ndiye aliyewakabili. Asubuhi alitupandisha kwenye kamiyo tuchokoe maharage kwenye nyufa kwa vidole vyetu vidogo. Yaliyochokolewa yaliingia kwenye sufuria, hatukutupa hata moja. Alifungua kapo jua liingie, akafunga majani ya tumbaku karibu na nyaya, akaziba bomba la moshi kwa kitambaa. Jioni alichoma pilipili kavu kwenye kopo la makaa chini ya injini, sote tukakohoa mpaka machozi.

Jirani yetu, mfanyabiashara wa chumvi mwenye pikapu, alimchungulia juu ya ukuta.

"Koko, hiyo pilipili si uitie mu sombe?"

"We cheka tu," Koko akamjibu. "Yako wataikula yote."

Jumapili, tukitoka misa, Papa alitia dizeli, mazutu tunavyoiita, kidogo kwenye kamiyo na kuiwasha. Ilipounguruma, Mama alitabasamu, jambo ambalo siku zile lilikuwa adimu. "Siku ya kukimbia," Papa alisema, "itatubeba siye wote na majirani."

Askari walikuja mchana, sombe, kisamvu chetu, ikiwa bado motoni. Hata leo siwezi kukuambia walikuwa wa upande gani. Walianza kwa jirani. Tulisikia ufunguo ukizungushwa, tena na tena, na pikapu haikutoa hata kikohozi, kwa sababu panya walikuwa wamemaliza nyaya. Walimpiga mateke, wakamwacha. Kisha wakaingia kwetu.

"Nani anaendesha hii?"

"Ni miye," Papa akasema.

"Washa."

Iliwaka mara moja. Askari mmoja akapiga makofi. Walipanda na masanduku yao, wakamwamuru Papa akae kwenye usukani. Yeye alichungulia dirishani akamwambia Mama, "Muniwekee chakula. Nitarudia."

Mama alimwekea. Sahani ilifunikwa mpaka kesho yake, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Jirani alikuja akasimama mlangoni. Koko alikuwa chini sakafuni. "Ningeacha panya wakule zile nyaya," alirudia-rudia, "mutoto wangu angekuwa hapa."

"Mama, nyamaza," Mama akamwambia Koko, naye akakaa chini karibu yake. "Tulikuwa tunataka kupona."

Tulikimbia kwa miguu, sufuria kichwani. Koko alizikwa ugenini. Tuliporudi, parseli ilikuwa na watu wengine. Leo pamesimama nyumba ya ghorofa, na ukiuliza habari za dereva aliyeishi pale hupati wa kukujibu. Hata sauti yake imenipotea. Yamebaki maneno tu.

Mama amezeeka. Kila mwaka, inapofika siku ya kuwaombea wafu, padri humwuliza kama aliandike jina la Papa kwenye misa.

"Bado, Padri," Mama anajibu. "Uniachie kwanza."