Kurasa Tatu Alizozikosa Baba

Baba alikuwa shabiki wa mpelelezi mmoja wa vitabu vya zamani vya bei rahisi, yule anayevaa barakoa nyeusi. Alianza kumsoma Unguja akiwa kijana. Kitabu alichokipenda kuliko vyote hakuwahi kuujua mwisho wake, kwa sababu muuza njugu alikwishachana kurasa tatu za nyuma akafungia njugu. Kwa hiyo miaka yote hiyo mpelelezi wa baba yumo kisimani, kafungwa mikono, maji yanapanda.

Huku Harrow, kwa Waingereza tulikohamia, akagundua kuna jarida la mashabiki wa mpelelezi huyo, karatasi za fotokopi zilizobanwa pini, linakuja kwa posta. Likifika mama husema, "Mke mwenzangu kaja." Mimi ndiye niliyewaandikia wenye jarida kwa Kiingereza, baba kasimama nyuma ya kiti. "Waulize alitokaje. Lakini kwa adabu, mwanangu."

Kabla jibu halijaja baba akapata kiharusi, akalazwa. Kiingereza chake chote cha ofisini kikaondoka, kikabaki Kiswahili. Kusoma hakuweza tena, mistari ilikuwa ikimkimbia.

Halafu jarida likaja, na ndani yake barua. Mzee mmoja msomaji alikuwa amezinakili kurasa zote tatu kwa mkono. Nikajifungia chumbani nikazitafsiri. Kuandika Kiswahili naweza, baba alinifundisha kwa barua za bibi. Kusema ndiko kunakonishinda. Tangu mdogo naelewa kila kitu na najibu kwa Kiingereza, maana nikifungua mdomo watu hucheka.

Jumapili nikaenda hospitali, karatasi mfukoni. Shangazi alikuwepo na chupa yake ya uji.

"Haya, Malkia kaja! Leo utatusemesha lugha gani?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba! Kaka, umemsikia? Kama anatafuna kiazi cha moto!"

Baba akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha akanitazama mimi tu.

"Gazeti... limekuja?"

Karatasi nilikuwa nimezishika mfukoni. Ilibaki kuzitoa na kusoma, basi. Nikamwangalia shangazi, ananisubiri nikosee.

"Bado," nikasema.

Nilijiambia Jumatano shangazi atakuwa kazini, nitamsomea tukiwa wawili.

Baba alifariki Jumanne.

Katika toleo lililofuata, yule mzee aliuliza kwenye ukurasa wa barua kama bwana wa Harrow alizipata kurasa zake, na kama alifurahi. Nilimjibu siku ile ile. Nilimwambia alizipata. Nikaandika kwamba nilimsomea mwenyewe, na kwamba alicheka sana pale mpelelezi alipoacha kupigana na maji, akayangoja yamnyanyue mpaka mdomoni mwa kisima.

Barua yangu waliichapa yote. Mama aliniomba nimsomee kwa Kiswahili, nikamwambia nina homework.