Mashati Yaliyonyooka kwa Ajili ya Mafua

Enzi zetu pale Iringa, na nyie mliokula baridi ya Mlandege kabla ya Uhuru mtanishuhudia, mwezi wa saba ulikuwa haumwachi mtu. Maji ya kunawa yanakata kama wembe, magoti meupe kama umetambaa kwenye unga. Tulicheza gololi na rede vumbini mpaka midomo inapasuka, na kila mtoto alikuwa na makamasi yake, yanateremka na kupanda, mkono wa shati ndiyo leso. Nani alijali? Ila sisi wa nyumba ya mama yangu tulikuwa haturuhusiwi kuonekana na mafua.

Sababu ni hii. Baba alifariki kwa kifua, mimi nikiwa mdogo bado, na alikohoa muda mrefu hadi mtaa mzima ukamzoea. Baada ya msiba mama akaanza kuchoma vitumbua. Mchele wa Idodi, anatwanga mwenyewe, na mimi navipeleka kwenye beseni hadi barazani mwa duka la Mhindi kabla ya kengele ya shule. Tulikula kwa vitumbua, tukavaa kwa vitumbua. Sasa fikiria: nyumba imetoka kuzika mtu wa kifua, halafu mtoto wake anakuja na kitumbua mkononi, anakohoa. Utakula wewe?

Mama alikuwa anasema, "Wanatusubiri tukohoe." Ukimuuliza kina nani, anajibu, "Wote."

Na kweli walikuwa wanatusubiri. Jirani yetu Mama Atu, Mnyakyusa aliyeolewa hapo mtaani, alikuwa anakuja kuomba moto hata siku ambayo moshi wa jiko lake tunauona. Anainama kuchukua kaa, macho yanatambaa kitandani, yanatambaa kwenye vikombe. "Watoto hawajambo?" Mama anajibu, "Hawajambo kabisa, dada." Mimi niko nyuma ya mlango nimebana pua kwa vidole, pumzi inakaribia kuniishia.

Kwa hiyo kwetu ukiamka pua imeziba hulali. Kwanza unafunikwa blanketi, unafukizwa majani ya mkaratusi mpaka machozi yatoke. Halafu unaoga, baridi au si baridi. Unapakwa mafuta ya nyonyo uso mzima, hasa pale chini ya pua palipochubuka. Pasi ya mkaa inapita kwenye kaptula na shati mpaka nguo zisimame zenyewe. Mwisho unapewa kipande cha kitambaa cha amerikani cha kufutia pua, unakificha kwenye mkono wa shati, na onyo juu: "Ukisalimiwa itikia kwa kichwa, sauti yako itatuumbua." Wazee wakasema mtoto wa vitumbua hana adabu. Mama akaona afadhali nikose adabu.

Mwaka mmoja, nikiwa darasa la tatu, kipupwe kilikuwa kikali na mafua yakatukamata mimi na wadogo zangu kwa zamu. Beseni likaanza kurudi nusu. Halafu likarudi limejaa. Tukala vitumbua asubuhi, mchana na jioni. Mama alimshuku Mama Atu. Mimi nilimshuku Mhindi, nikashuku hata rafiki zangu wa gololi.

Aliyenifungua macho ni fundi cherehani wa pale barazani, mzee mmoja mpole ambaye kila siku alinunua vitumbua vinne na ghafla akaacha.

"Leo nani anaumwa kwenu?" akaniuliza, mguu unaendelea kukanyaga cherehani.

Nikatikisa kichwa: hakuna.

"We kijana usinidanganye. Mimi nguo ndiyo kazi yangu. Nyie mkiwa wazima mnakuja na matope. Mkiumwa mnakuja kama mnakwenda kubarikiwa kanisani. Mtaa mzima unajua. Wakiona shati lako limenyooka wanasema, haya, kifua hicho kimerudi."

Nilirudi mbio kumwambia mama. Akakaa juu ya kinu. Jambo la kwanza alilosema: "Na huyo fundi amekuambia kwa nini? Anataka nini kwetu?"

Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi, na sijisifu, ni kweli tupu. Mimi niliishia darasa la nne, lakini leo nina malori yanayopita Nyololo usiku na mchana, na wenye vyeti vyao wananiamkia. Biashara nilianza kuielewa siku ile. Nikamwambia, "Mama, basi tunyooshe kila siku. Wazima, wagonjwa, kila siku."

Tukanyoosha. Mkaa ulikwisha kama nini. Kila asubuhi mafuta, pasi, nywele zimechanwa, mama naye kitambaa kichwani kimefungwa sawasawa. Baada ya wiki chache mtaa ukapoteza alama yake. Fundi akarudia vinne vyake, wengine wakamfuata. Mama Atu akaja kuomba moto, akatutazama wote wanne, akauliza, "Dada, mwenzetu umepata wapi hela?" Mama alicheka hadi machozi. Kushukiwa kuwa na hela, alisema, hakuharibu kitumbua.

Kipupwe kilichofuata nilimkuta mama ameanguka kando ya kinu, gauni limenyooka, uso unang'aa kwa mafuta. Nikamgusa: anaungua. Alikuwa ameumwa siku tano. Tulilala naye chumba kimoja, na sikujua.

Alipona, akaishi miaka mingi, na uzeeni nikamhamishia kwangu Mbeya. Kila asubuhi anatoka chumbani kama mtu wa kwenda harusini. "Umeamkaje, mama?" "Mzima kabisa." Nikimpa mkono nilikuwa naushikilia kidogo kupita heshima inavyotaka, nipime joto. Alijua. Aliuchomoa. Siku aliyoondoka duniani alikuwa amekaa sebuleni, amefunga kitambaa chake vizuri, nami nilimpita nikaenda gereji.

Siku hizi kijana akipiga chafya moja tu mtaa unahama kwa kelele. Wanangu wakipata mafua wanashinda na blanketi mabegani, soksi mguu mmoja, taulo shingoni, pua inavuma kama lori la mchanga linapanda mlima, na wanataka supu iletwe kitandani. Nawacheka, nawaita walegevu, nawaambia enzi zetu tuliumwa tukiwa tumechomekea. Wanajua kunijibu: "Baba, mtu mgonjwa anapendeza ili iweje?"

Wacha walegee. Naingia getini, namsikia mmoja anakohoa ndani, nami najua ni nani na anaumwa nini hata kabla sijavua viatu. Kwa mama sikupata hilo hata siku moja.