Minazi Sita ya Chuo

Nimeambiwa nimsamehe kaka yangu, na wanaoniambia ni watu wazima wenye busara zao. Nimewasikia. Lakini kila nikipita nyuma ya nyumba yake hapa Munje naviona vile visiki sita, na damu inanichemka upya. Binti yake alisoma muhula mmoja wa uuguzi. Sasa yuko Diani anafua mashuka ya hoteli. Basi wacha niseme nilivyoona, kisha mwenye kunilaumu anilaumu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kuna neno ambalo huwaambia wazazi wa darasa langu hadi wamenichoka: chuo hakianzi siku mtoto anapoitwa, kinaanza angali anavaa kaptura. Binti wa kaka alipoingia darasa la nne nilimkalisha kitako baba yake nikamwambia hayo hayo. Nikamwambia, marehemu mama ametuachia minazi, tumtengee mtoto sita. Mkwezi akija kuangua, nazi za ile sita zisichanganywe na nyingine. Ziuzwe Kona ya Musa, pesa ziende benki moja kwa moja, zisipitie kwa muuza mirungi wala kwa fundi wa redio. Huku kwetu mnazi waweza kuwa wa huyu na ardhi ikawa ya yule, kwa hivyo kaka hakuona ajabu kumpa mtoto minazi. Alimpa kwa ulimi wake, mimi na mkewe tukisikia.

Tulichekwa, tena sana. Shemeji yangu mmoja aliniuliza kama nimeshamnunulia mtoto na sanda, maana naona mbali kupita kiasi. Nikamjibu kwamba yake yeye nitainunua mwanzo.

Nazi ziliuzwa mwaka hadi mwaka. Mtoto mwenyewe alijifunza kuzifua akiwa mdogo, akijichoma mikono na ncha ya kile kifuo cha kuambulia maganda mpaka akazoea. Jumamosi akija kwangu tulikuwa tunapiga hesabu ya karo, sare, chumba cha kupanga Mombasa na nauli ya kurudi Idi. Alipofika kidato cha pili alikuwa anajua gharama za uuguzi kuliko watu wengi waliomaliza. Mpango ulikuwa mwepesi: pesa za benki zilipe mwaka wa kwanza, na wakati anasoma minazi iendelee kuzaa ilipe iliyobaki. Nikamhimiza pia akichukue kitambulisho mapema ili aombe mkopo wa serikali kwa wakati wake, ingawa huo peke yake haufiki mbali. Akafanya yote. Alipopita mtihani na kuitwa chuoni, kilichobaki ni kwenda kulipa. Kulipa tu, jamani!

Hapo ndipo kaka alipoanza. Alisema mtoto hawezi kuondoka kimyakimya. Jirani yetu alikuwa amefanya harambee ya mwanawe kwa mahema na vipaza sauti, na mheshimiwa mbunge wetu akaja, na watu walikuwa bado wanaizungumza. Sisi tukimpeleka wetu bila kuita mtu, watu watasema tumejitenga nao, au tunatumia pesa za majini. Nilimwambia pesa za majini hazifuliwi kwa kifuo, na watu wote wa hapa wamemwona mtoto akifua. Tulivutana siku nzima. Mwishowe akakubali kwamba itakuwa dua na chai, basi, nami nikamwamini kwa sababu ni mkubwa wangu.

Nikaenda Kwale kwenye semina ya walimu. Niliporudi nilimkuta ng'ombe amefungwa uani, na nyuma ya nyumba kumekuwa kweupe. Nilidhani nimepotea kiambo. Zile pesa za benki kaka alikuwa amezitoa akakodi mahema, viti na vipaza sauti, akanunua mchele. Hazikutosha kwa ng'ombe. Basi akamwita mjenzi mmoja wa Diani aliyekuwa anatafuta magogo ya nguzo za hoteli, akamuuzia minazi ya mtoto, yote sita, ikaangushwa asubuhi moja.

Nilimuuliza alikuwa na akili gani. Akanijibu kwa utulivu kabisa kwamba mkono mtupu haulambwi: mheshimiwa akija akakuta karamu ya maana, naye atatoa cha maana, na pesa zitarudi na kuzidi. Wallahi niliunyanyua mkono nimpige kaka yangu mkubwa. Niliushusha kwa sababu mkewe alikuwa ananitazama, naye alikuwa analia tayari.

Siku ya harambee watu walikuja, na sikatai, walikula vizuri. Wengine walitoka Msambweni na mifuko yao. Yule binti alivalishwa gauni la lesi akakalishwa karibu na meza kuu, na kutwa nzima alikuwa anawatabasamia watu waliokuwa wanakula karo yake. Mheshimiwa hakuja. Baada ya Alasiri alimtuma mwakilishi, kijana wa miwani myeusi, akatuhutubia juu ya umuhimu wa elimu, akala sahani mbili, akaacha bahasha. Mshereheshaji aliifungua mbele ya watu, akatazama ndani, akaifunga na kuomba tumshukuru mheshimiwa kwa moyo wake. Tulipojumlisha yote, ya bahasha na ya majirani, tulikuwa tumechangiwa chini ya tulichokula. Zilitosha muhula wa kwanza. Na hao majirani siwalaumu, walitoa walichokuwa nacho.

Jua lilikuwa bado lipo tulipobaki wenyewe uani kwenye vile viti vya kukodi: kaka, mkewe, mimi, yule binti, na mdogo wake wa kike ambaye mwaka ule ule alikuwa ameingia darasa la nne. Mimi nilikuwa nahesabu upya zile noti, maana kama ningefungua mdomo ningesema neno lisilorudi. Kaka yeye alikuwa na furaha. Alihimidi, akasema muhula wa kwanza si haba, watu wametuheshimu, na muhula wa pili ukifika tutawaita tena, safari hii tumuombe mheshimiwa mapema ili aje mwenyewe.

Yule binti alikuwa anavua viatu vya kuazima, amejiinamia. Bila ya kumtazama baba yake akamuuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

"Baba, mara hiyo utakata nini?"

Nikaona macho ya kaka yanatoka kwa mtoto, yanapita juu ya jiko, yanakwenda kutua kule kisimani, kwenye minazi minne tuliyomtengea yule mdogo mwanzoni mwa mwaka. Yule mdogo naye aligeuka kutazama kile ambacho baba yake anakitazama.

Niliinuka nikaenda nikasimama mbele ya uso wake mpaka asiione.

"Hiyo," nikamwambia, "hata kuitazama usiitazame."