Jina la Baba: Hayupo

Mwanangu Namkunda, nakumbuka asubuhi moja pale Same nilipoitwa jina langu nikanyamaza. Mimi bado kijana, na wazee wakisikia natoa nasaha watacheka. Lakini tangu uzaliwe wananiita Baba Namkunda, na mtu akishaitwa baba hana budi kuwa na la kuusia. Langu ni hili moja, la jina.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia. Nafasi ilikuwa ya karani wa muda, na waliokuja kwenye usaili walijaza mabenchi ya ukumbi hadi nje mlangoni. Dada mmoja alikuwa akitoka na orodha na kuita. Waliitwa akina Mbwambo, akina Msuya, akina Mshana, na kila aliyeitwa aliinuka bila wasiwasi, maana majina hayo huku kwetu ni kama mawe ya mlimani, hayamshangazi mtu. Mimi nilikuwa nafikiria nitajibu nini.

Utaniuliza, baba, kuitikia jina nako kunafikiriwa? Kwa jina letu kunafikiriwa. Shuleni mwalimu alipoita "Elisante Hayupo", darasa zima lilimwitikia, "Hayupo!" Kuna siku niliwekewa alama ya utoro nikiwa nimekaa dawati la mbele.

Basi yule dada akatoka, akaisoma karatasi, akakunja uso. "Elisante… hayupo?" Alisoma kama anayeuliza.

Jamaa mmoja nyuma yangu akasema, "Kama hayupo si umpite tu, dada."

Watu wakacheka. Nami nikiwa bado napima kama niseme "nipo", au "ndiyo mimi", au niinuke tu kimyakimya, dada akapiga mstari kwenye orodha na kumwita mwingine. Nikajiambia akitoka tena nitamfuata. Akatoka, nikajiambia labda safari ijayo. Mchana wakafunga mlango, na mimi nimekaa palepale na vyeti vyangu mapajani. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha jina, nikakosa kazi.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili ni kwamba nililitupia jina lawama. Mama yako alikuwa na mimba yako, nikaapa kwamba mtoto wangu hataandikwa jina la kuchekwa. Nililitafuta kwenye simu nione kama kuna wengine wanaolitumia. Nikaletewa mgeni rasmi hayupo, daktari hayupo, mwenye nyumba hayupo. Watu wenye jina lenyewe sikuwaona. Ukoo wetu mzima, mwanangu, unaenea kwenye bodaboda nne, na hapo ni kwa kubanana kidogo. Nikaandika rasimu ya kiapo cha kubadili jina, nikaiandika upya mara tatu. Nilitaka niwe Mbwambo, ukoo wa bibi yangu mzaa baba. Wakili akanishauri nilete mzee wa familia athibitishe, ndipo nikatia rasimu kwenye bahasha, nikashuka hadi Ndungu kwa bibi.

Nilimkuta uani anapepeta mchele. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu," akasema. "Umekuja kunisaidia kupepeta, au umekuja na bahasha?"

Nilimweleza yote, pamoja na mambo ambayo hakuniuliza. Bibi ana tabia ya kumwacha mtu aseme mpaka maneno yamwishie. Nilipomaliza alichukua bahasha, akaiweka chini, akaweka ungo juu yake, akaanza kunisimulia habari za babu. Nilikuwa nikijua kipande kimoja tu, kwamba karani wa shamba la mkonge alikosea. Nilidhani babu alitoroka kazi, akaandikwa hayupo, aibu ikatufuata. Kumbe sikuwahi kuuliza. Kuuliza si ujinga. Mjinga nilikuwa mimi niliyejijibu mwenyewe.

Babu alitoka Kigoma akiwa kijana wa kuanza ndevu. Baba yake alikuwa ametangulia kwenda kutafuta kazi za mashamba upande huu, hakurudi wala hakutuma salamu. Babu akamfuata. Shamba la kwanza alilofika, wageni walipangwa mstari mbele ya meza ya karani. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza njiani. Karani akamuuliza jina, akasema Elia. Akamuuliza la baba. Babu alisikia neno "baba" tu, akadhani anaulizwa baba yake yuko wapi, akajibu kwa uaminifu, "Hayupo." Karani akaandika.

Tangu hapo kila asubuhi aliitwa, "Elia Hayupo," naye akaitikia, "Yupo." Wenzake walicheka wiki nzima, kisha wakazoea. Baadaye akaja karani mwingine, akataka kurekebisha, akamuuliza jina la kweli la baba yake. Babu akakataa. Alimwambia bibi kwamba jina la baba yake si la kuitwa na nyapara kila siku pamoja na hesabu ya mafungu ya mkonge. Analitunza, na la kuitiwa kazini linatosha hilohilo alilopewa. Baba yake hakumwona tena. Alimpata bibi, akahamia Ndungu, akalima mpunga, watoto wakaandikwa Hayupo, na hakuna aliyelalamika mpaka nilipotokea mimi msomi.

Bibi akatoa pumba zilizobaki, akaniangalia.

"Mimi niliolewa na Hayupo," akasema. "Baba yake ndiye hakuwepo. Yeye alikuwepo. Watoto wakiumwa yupo, maji yakiingia shambani yupo, hata nikiwa na hasira nataka asiwepo, yupo. Sisi wote tumeitwa Hayupo na tukaitika. Wewe umeitwa ukanyamaza. Katika nyumba hii, mume wangu, wewe ndiye wa kwanza kulifanya jina hili kuwa kweli."

Akaongeza, kwa upole zaidi, kwamba akina Mbwambo wanatosha, hawana upungufu wa watu. Bahasha alinirudishia ikiwa na vumbi la pumba. Nilipoaga aliniinamisha, akaninong'oneza sikioni jina la baba yake babu, lile ambalo halikuandikwa popote.

Kiapo sikukipeleka. Usaili uliofuata ulikuwa ofisi nyingine, na aliyeita alisoma vilevile, kama anauliza. "Yupo," nikasema, nikainuka. Wakacheka, naye akacheka, nikaingia. Kazi ile sikuipata pia, alichukuliwa aliyejua kompyuta kunishinda. Lakini safari hii niliikosa nikiwa ndani ya chumba. Ninayoifanya sasa niliipata baada ya kuitika mara mbili nyingine.

Ulipozaliwa tukakupa jina la bibi. Kwa Chasu, lugha ya kina bibi, Namkunda ni "nampenda". Ukiliunganisha na la ukoo utachekwa. Bibi mwenyewe alicheka, kisha akalirudia polepole, maana sasa babu kweli hayupo. Nesi alipokuwa akijaza fomu yako akauliza jina la baba. Nikalitaja. Akainua kalamu.

"Hayupo, au hajafika?"

"Ndiyo mimi, dada," nikamwambia. "Andika Hayupo. Nipo."

Akaandika.

Mwanangu, ninalokuusia ni hili. Usilionee haya jina kabla hujaliuliza limetoka wapi, maana mkataa kwao mtumwa. Ukiitwa, itika kwanza, kufikiri utafikiri ukiwa umeshasimama. Nakujua wewe ni damu yangu, utapenda kupima neno mpaka mlango ufungwe. Na siku utakapoweza kutunza siri nitakuinamisha, nikunong'oneze jina lile moja, nawe ulitunze usiliandike.

Mungu akukuze. Akupe sauti ya kuitika na miguu ya kusimama. Wanaokuita wakuite Hayupo, na kila anayekuhitaji akukute upo.