Boma Tulilolizunguka Siku Saba

Nakumbuka asubuhi ya siku ya saba, mwanangu, vumbi la mtaa wa Bulla Pesa, hapa Isiolo, likitufuata nyuma kama ndama. Tulikuwa vijana wa kanisa, wengi wetu watoto wa wafugaji wa Kiturkana, na tulikuwa tukizunguka uwanja mmoja pembeni mwa mtaa huku tukiimba. Tarumbeta za Yoshua, zile zilizoangusha ukuta wa Yeriko siku ya saba, hatukuwa nazo, kwa hivyo mwenzetu mmoja alipuliza filimbi ya refa. Wewe waweza kucheka. Sisi hatukucheka.

Uchaguzi ulikuwa karibu. Mgombea mmoja alikuja ibadani, akapewa nafasi ya kusalimia watu, akafungua Biblia na kusoma ahadi ile aliyopewa Yoshua, kwamba kila watakapokanyaga, Mungu amewapa. "Na nyinyi mmekanyaga wapi?" akatuuliza. "Si hapa Isiolo?" Tukapiga makofi. Mimi ndiye niliyetoa wazo la kuzunguka siku saba, na mimi ndiye niliyepaka chokaa mawe ya kuonyesha mpaka. Imani nilikuwa nayo nyingi, kusoma kidogo.

Ndani ya uwanja huo kulikuwa na boma moja, la kina Yusuf. Babu yake aliletwa Isiolo akiwa askari wa mkoloni, akazeekea hapa. Baba yake alikuwa na lori la kubeba mizigo hadi Sericho. Yusuf alikuwa rafiki yangu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha lori lile, akinipigia kelele kila nilipobadilisha gia, "Ekai, hii si punda! Usiipige teke!" Idi nilikula kwao, Krismasi alikula kwetu. Lakini nilijiambia kwamba hatuzunguki boma la mtu, tunazunguka ardhi. Moyo wa kijana hujitafutia wakili upesi.

Siku hiyo Yusuf alitoka akasimama langoni, mswaki mdomoni, akangoja nimfikie.

"Habari yako, mtu wa Mungu."

"Nzuri, Yusuf."

"Hii hadithi ya ukuta kuanguka hata sisi tumeisikia. Sasa niambie wewe mwenyewe. Yeriko ni sisi?"

Wenzangu walikuwa nyuma yangu, filimbi inalia. Nikampita bila kumjibu. Nikihesabu makosa ya maisha yangu, naanzia hatua zile nilizompa mgongo.

Jioni nyanya yangu alinikuta nikinawa chokaa. Hakujua kusoma, lakini Biblia aliijua kwa masikio. "Nisomee pale Sara anapokufa," akasema.

Nikamsomea. Ibrahimu, aliyeahidiwa nchi nzima, anasimama mbele ya wenyeji na kusema yeye ni mgeni kwao. Anainama. Anaomba mahali pa kumzika mkewe. Mwenye shamba anamwambia achukue bure, naye anakataa, analipa bei kamili.

"Mwenye ahadi alikuwa nani?" nyanya akauliza.

"Ibrahimu."

"Na aliyeinama?"

"Ni Ibrahimu, nyanya."

"Na babu yako amelala wapi?"

Nilijua. Babu alifariki mwaka ule yeye na nyanya walipofika kutoka kaskazini na mifugo michache iliyoponea ukame, hawajui mtu yeyote mjini. Babu yake Yusuf ndiye aliyewaonyesha mahali nyuma ya boma lake, akavua shati, akachimba pamoja nao.

"Siku saba umezunguka kaburi la babu yako ukiwafukuza waliolichimba," akasema. "Nami nataka kulazwa pale kando yake. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, Ekai. Kesho nenda ukaombe msamaha."

Nikasema nitakwenda uchaguzi ukipita. Niliogopa wenzangu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, mwanangu, na kina Yusuf hawakungoja. Kabla ya kura walipakia vitanda kwenye lori lao wakashika njia ya Sericho. Mgombea wetu akashinda. Akayafuata mawe yangu meupe, moja baada ya jingine, akazungusha waya na kutia kufuli. Sisi wazungukaji hatukupata hata pa kufunga mbuzi. Nyanya alipofariki, mlinzi alitukataza kuingia. Tulimzika upande wa pili wa mji. Mke kule, mume huku.

Baadaye nilikwenda Sericho. Baba yake Yusuf alinipa maziwa ya ngamia kabla sijasema lililonileta, kisha akanisamehe. Yusuf alikuwa ameshakwenda mbali zaidi, na hakuna aliyejua atarudi lini. Mpaka leo nikisikia lori likibadilisha gia barabarani, nainua kichwa.

Nakwambia haya kwa sababu naona chokaa imeanza kununuliwa tena. Nawasikia mkibishana penye bodaboda juu ya nchi ile ya Biblia, bendera yake mmeifunga kwenye pikipiki, kisha anakuja mtu kugeuza mabishano hayo yawe kura za hapa. Wakristo hatuisomi ahadi ile kwa namna moja. Wako wasemao ni ya taifa lile hadi leo. Wako wasemao ilitimia kwa Kristo, na urithi wetu ni mji usiojengwa kwa mikono. Sitawaamulia mimi. Ila mtu akikusomea ahadi ya ardhi, muulize ni nani anayeishi pale, kisha mfungulie pale Sara anapozikwa. Na usomaji wako ukikutaka umpite jirani bila kumjibu, funga kitabu kwanza, umjibu. Msamaha nao usiungojeshe kura.

Mungu akupe pa kukanyaga bila kumkanyaga mtu, akupe jirani wa kukuchimbia, nawe uwe jirani huyo. Na siku ukisafiri, ukikutana na mzee anayemfokea dereva kijana kuhusu punda, mwambie Ekai amejibu. Mwambie hapana. Hamkuwa Yeriko.